Magoti Kando ya Ziwa

Pale kwenye kiwanda cha mikate walimwita Kiberiti, naye aliitika. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imejaa alama za kuungua na trei za tanuri, na jambo alilisema mara moja tu. Ukiharibu unga, atakwambia. Ukichelewa zamu, atakwambia. Wenzake walicheka, wakanong'onezana kwamba kimewaka, kisha wakafanya alivyosema.

Mumewe, dereva wa lori, alimwacha akiwa bado wodini, amejifungua kwa upasuaji. Alirudi nyumbani na mtoto mikononi akakuta chumba kitupu: kitanda hakuna, jiko hakuna, hata mapazia yameng'olewa. Jirani ndiye aliyemwambia kwamba bwana amehamia kwa mwanamke mwingine. Siku zile aliyelala naye sakafuni, akimchemshia maji na kumbembelezea mtoto, alikuwa rafiki yake Msusi. Tangu hapo wakawa kama ndugu wa tumbo moja, na binti alikua akimwita Msusi mama mdogo.

Jumapili moja ya joto kali, Msusi alimwambia, "Utakaukia kwenye hilo tanuri. Twende kwenye hifadhi tulizunguke ziwa kwa miguu, tupigwe na upepo."

Wakaenda. Njia ilipita chini ya miti, kisha ikashuka majini. Kiberiti alivua viatu, akatia miguu ziwani na kucheka peke yake. Msusi alikuwa kila mara anatazama simu.

"Unamtafuta nani?"

"Naangalia saa tu."

Walipofika kwenye uwanja wa nyasi ambapo familia zilikuwa zimetandika mikeka, mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi akainuka kutoka kwenye benchi. Alikuwa yule dereva. Kabla Kiberiti hajafungua mdomo, mtu mzima akaporomoka magotini mbele yake.

"Mama wa mtoto wangu, nimekosa. Nisamehe."

"Simama."

"Sisimami mpaka unisamehe."

"Basi kaa hapo hapo."

Watu wakaangua kicheko, wakasogea. Simu zikainuliwa. "Msamehe, mama!" akapaza sauti mwanamke mmoja mwenye kofia. "Mwanamume amepiga magoti, unataka nini tena?" Wengine wakaanza kupiga makofi kama wako harusini.

Kiberiti hakumtazama yule wa kofia. Alimwinamia dereva.

"Mapazia uliyapeleka wapi?"

"Mapazia gani?"

"Nilitoka hospitali na mshono mbichi na kichanga. Jua linaingia chumba kizima, wapita njia wananiona nikinyonyesha. Nikabandika magazeti dirishani. Nakuuliza, uliyapeleka wapi?"

"Hayo ya zamani, mama..."

"Kwako ni ya zamani. Hukuwepo."

Makofi yakafifia. Akamgeukia Msusi, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya begi lake.

"Ni wewe uliyemwita?"

"Alinijia saluni analia. Nikaona umri unakwenda, nawe uko peke yako..."

"Peke yangu?" Sauti ya Kiberiti ilikatika. "Na wewe miaka yote hii ulikuwa nani?"

Kiberiti akavaa viatu na kuondoka, si kwa njia fupi ya getini, bali kwa ile ndefu iliyobaki ya kuzunguka ziwa. Alikwenda mbio mbio, akipiga majani kwa kiganja, akiongea peke yake maneno ambayo asingependa binti yake ayasikie. Nyuma alimsikia Msusi akimwita, mara analia, mara kamba ya kandambili imekatika. Hakugeuka. Penye kilima, ambapo hapakuwa na watu, alisimama akiwa amempa mgongo mpaka aliposikia hatua zimekaribia. Hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake porini. Kisha akaendelea. Kwenye basi walikaa viti vya mbali.

Video ilisambaa. Kazini kijana wa kufungasha alimsomea maoni: roho ngumu, jeuri, ndiyo maana aliachwa. "Umemaliza?" akamuuliza. "Haya, toa mikate, inaungua." Kisha akaingia stoo ya unga, akalipiga teke gunia mpaka kidole kikavimba. Dereva alipiga simu mara kadhaa. Akaizuia namba yake.

Msusi alikaa kimya msimu mzima wa joto. Siku mvua zilipoanza alikuja akasimama mlangoni, amelowa.

"Sikuja kusema nilikutakia mema," alisema. "Nilikuuza mbele za watu. Ndicho nilichofanya."

Kiberiti akaufungua mlango wote. Binti alimrukia mama yake mdogo, akamvuta sebuleni, akajipenyeza kati ya magoti yake asukwe.

"Bado nina hasira na wewe," Kiberiti alisema kutoka jikoni.

"Najua."

"Sana."

"Najua, dada."

"Na usimvute nywele mtoto."