Safari ya Kumtafutia Karthik Shida

Siku mapatano yalipofungwa, jikoni kwetu Schaerbeek, hapa Brussels, tulikuwa wanne: mimi Mapendo, mkubwa wa nyumba, mdogo wangu Furaha, jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama wa Kihindi ambaye jengo zima linamwita Maman Karthik, na Karthik mwenyewe, mwanawe wa pekee, rika la Furaha, aliyesimama karibu na friji kama mtu anayepimwa suti.

Ninyi mlio Bukavu mnaniuliza kwenye simu kama ni kweli nilimtembeza mtoto wa Kihindi Brussels nzima nikimtafutia taabu. Ni kweli. Sababu yake ni hii.

Mnajua kwamba wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikamlea Furaha, kwanza Kampala, kisha huku. Maman Karthik alikuwa mwalimu wa hesabu Chennai kabla ya kumfuata mume wake, mtu wa kompyuta. Huku hana darasa, basi meza yake ya chakula ndiyo darasa. Kila jioni wanakuja watoto wa Kihindi wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani. Watoto wale hawasalimiani kwa kuulizana habari, wanaulizana, "Jaribio la jana ulipata ngapi?" Furaha naye anautaka mtihani huo, maana kuna vyuo vinavyomsomesha bure anayefaulu vizuri sana. Kiingereza anacho tangu Kampala. Kilichokuwa kinamwangusha ni hesabu.

Sasa, vyuo hivyo haviridhiki na mtihani. Vinataka pia insha: ueleze ni shida gani uliyopitia na ulisimamaje tena. Hapo ndipo nyumba ya juu ilipokwama.

"Mtoto wangu hana shida hata moja," Maman Karthik alisema, mikono kichwani. Tunaongea Kifaransa sisi wawili, chake kibovu, changu kibovu zaidi, na tunaelewana vizuri sana. "Binamu yake ameandika juu ya kifo cha babu. Huyu babu zake wote wawili wazima, wanacheza badminton!"

"Samahani, mama," Karthik akasema.

"Hata kuanguka kwenye ngazi hajaanguka."

"Niliugua tetekuwanga."

"Nyamaza. Tetekuwanga kila mtu anaugua." Akamgeukia Furaha kwa macho ya wivu mtupu. "Wewe una bahati. Insha yako iko tayari."

"Ile ya wazazi?" Furaha akajibu, akininyoshea kidole mimi dada yake mkubwa. "Ile ni yangu na yaya. Haiendi Marekani. Mimi naandika juu ya panya wa Kampala."

Basi tukapatana. Maman Karthik amfundishe Furaha kila jioni mpaka siku ya mtihani, ambayo ilikuwa karibu. Mimi nimchukue Karthik siku moja ya likizo ya Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, nimpeleke kwa watu wanaohangaika kweli, arudi na shida inayoandikika.

"Bila shida, hakuna hesabu," Maman Karthik akasema akicheka. Nilimtazama machoni. Macho hayakucheka.

Jioni hiyohiyo niliwapigia simu wenyeji wetu wa kesho, Wakongo wenzetu wa hapa Brussels. Niliwaambia: "Kesho nawaletea mgeni. Anataka kuona tunavyohangaika." Nilidhani nimesema jambo la maana. Nilisahau kwamba mtu wa kwetu akishasikia neno mgeni, maneno yanayofuata hayasikii tena.

Asubuhi, kuondoka Schaerbeek. Karthik aliteremka na begi mgongoni. Ndani: wali wa mtindi, maji, mwavuli, dawa za tumbo, soksi za akiba. Mama yake alimfunga skafu mpaka puani.

"Mama," nikamwambia, "unamtuma akatafute shida, ao unamzuia asiipate?"

"Aipate," akasema, "lakini asilowe."

Schuman, saa ambayo wasafishaji wanatoka na wakubwa wanaingia. Hapo katika mtaa wa ofisi za Ulaya ndipo ninapofanya kazi, na siku hiyo nilikuwa na ruhusa. Tulimsubiri nje mwenzangu, Maman Charlotte wa Lubumbashi. Siku zote Charlotte anatoka amejikunja, koti juu ya aproni. Siku hiyo alitoka na pagne mpya ya kitenge, midomo myekundu, na manukato yaliyotufikia kabla yake.

"Charlotte, unatoka kwa kazi ao unatoka kwa arusi?"

"Yaya! Umesema mugeni anakuya. Alors, nitoke na ndoo mukononi?" Akamkumbatia Karthik, akampa maandazi ya moto yaliyofungwa katika karatasi. "Kula, mutoto. Unakonda hivi juu ya nini? Masomo?"

Siku hiyo yote aliongea nao Kifaransa alichojifunza shuleni, ninyi nawapa kwa Kiswahili chetu. Karthik akatoa simu yake tayari kuandika. "Maman, kazi yenu ina ugumu gani?"

"Ugumu? Asubuhi ofisi yote iko yangu. Naikala mu kiti ya mukubwa, nazunguka, nazunguka. Bakubwa bakikuya, banakuta kiti iko moto."

Karthik akaandika. Nikachungulia: *Hakuna ugumu. Kiti kinazunguka.*

Tukaagana. Ngazi ya umeme ya metro ilikuwa imeharibika, na mimi najua magoti ya Charlotte. Ngazi za kawaida anazishuka kwa ubavu, akishika chuma kwa mikono miwili. Akasimama pale juu akitupungia mkono, akitabasamu. Tuliteremka, tukafika chini, nikageuka. Bado alikuwa anapunga. Hakutaka kushuka mgeni akiwa anaona.

Ndani ya tramu kuelekea mtaa wa Forest. Karthik alikula andazi la mwisho, akafikiri, akasema, "Anti, wewe uliacha shule. Hiyo si shida?"

"Ni shida."

"Naweza kuiandika?"

"Hapana. Bado naitumia."

Akacheka. Baada ya vituo kadhaa akaacha kucheka, akatazama nje.

Mchana, Forest. Papa Sylvestre alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha magari mpaka kilipofungwa. Anakaa ghorofa ya tatu, katika nyumba ya zamani yenye ngazi nyembamba zinazojizungusha. Nimeshafika kwake mara nyingi. Ana viti viwili, na wakati wa baridi anavaa koti ndani, kwa sababu gesi ni ghali, haiwashi ovyo.

Alitufungulia mlango akiwa na suti na tai. Joto lilitupiga usoni. Kila kipasha joto kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Na katikati ya chumba palikuwa na sofa nyekundu ya mahameli ambayo sijawahi kuiona maishani.

"Karibu, mwana wa India! Ikala, ikala. Mapendo, kunywa Fanta."

"Papa, sofa hii..."

"Kunywa Fanta, nimesema."

Karthik alikuwa anatokwa na jasho kama mpishi. Akafungua skafu, akauliza kwa adabu: "Papa, ulipopoteza kazi ilikuwaje?"

"Nani alipoteza kazi? Kazi ndiyo ilinipoteza mimi! Sasa inanitafuta, hainioni. Niko hapa, napumzika comme un ministre, kama waziri."

Nikaanza kuona jioni yangu: Maman Karthik mlangoni, meza yake imefungwa, na Furaha anarudi chini na kitabu kwapani. Kabla sijamwambia mzee aache uongo, mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya kwanza, Mmoroko mnene mwenye haraka.

"Sylvestre, samahani sana. Mashemeji zangu wamefika bila kupiga simu. Naomba sofa yangu."

Papa Sylvestre alitazama dari kana kwamba sofa ilikuwa imeshuka kutoka huko. Karthik ndiye aliyeinuka wa kwanza.

"Mimi nashika huku," akasema.

Mmoroko na Karthik wakatangulia chini, Papa Sylvestre na mimi tukashika juu. Kwenye kona ya kwanza sofa ilipita. Kwenye kona ya pili ikakataa. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma. Mmoroko akapenya, akashuka kutafuta bisibisi ya kufungua miguu ya sofa, na Karthik akabaki amebanwa ukutani chini ya mahameli, tukiona vidole vyake tu.

"Uko muzima?" nikauliza.

"Niko sawa, anti. Lakini sioni kitu."

Mke wa Mmoroko akampitishia glasi ya chai kutoka chini. Papa Sylvestre akavua koti, akalegeza tai, akaketi kwenye ngazi. Mgeni alikuwa haonekani tena. Na ajabu, mgeni alipotoweka, mzee akaanza kusema kweli.

"Unajua, mutoto," akaiambia sofa, "siku ya mwisho hawakutufukuza. Walitupigia makofi. Nilirudi na glovu zangu mufukoni. Bado naamuka gizani, navaa, nafika kwa mulango. Kisha nakumbuka. Naikala pale kwa kiti, na koti, mpaka jua linatoka. Bibi yangu, mama ya watoto, analala wakati ule; hata yeye sikumwambia hii."

Vidole vya Karthik vilikuwa vimetulia kwenye mahameli.

Mimi, nisiwadanganye, nilifurahi. Niliwaza: ndiyo hii! Imekamilika, ina mwanzo, ina glovu. Hesabu za Furaha zimepona.

Mmoroko akarudi, miguu ikafunguliwa, sofa ikapita ikichuna rangi ya ukuta. Karthik akatoka na vumbi nywele nzima. Papa Sylvestre alipomwona uso akafunga tena tai yake.

"Bon," akasema, "mumeona? Hapa hatuna shida."

"Ndiyo, Papa," Karthik akasema. "Sijaona hata moja."

Kurudi. Kwenye tramu nilimkumbusha aandike kabla hajasahau. Akaitoa simu, akaishika, akairudisha mfukoni.

"Ile ya Papa siwezi, anti. Bado anaitumia."

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kumnunulia chakula. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamenifunga mikono.

Jioni, mlangoni pa ghorofa ya juu. Furaha alikuwa mezani, penseli mkononi.

"Umepata?" Maman Karthik aliuliza.

"Nimebanwa kwenye ngazi na sofa," Karthik akajibu. "Nitaandika hiyo."

"Sofa? Marekani watampa mtoto chuo kwa ajili ya sofa?" Akanigeukia. "Mapendo! Siku nzima Brussels, mji wenye mvua hivi, shida imekosekana?"

"Waliificha, mama. Ni kosa langu, niliwaambia tunakuja."

Akavuta pumzi. Nikajua anachotaka kusema. Lakini jicho lake liliangukia daftari la Furaha, swali limeachwa katikati, na mwalimu yule hawezi kuona swali limeachwa katikati.

"Endelea," akamwambia Furaha. "Hamisha upande ule. Hapana, badilisha alama kwanza." Kisha kwangu, bila kuinua kichwa: "Wewe bado nakudai shida moja."

Nilichojifunza safari ile: ukitaka kuona shida ya mtu wa kwetu usimwage habari kwamba unakuja, na ukishafika, tafuta sofa ya kuweka kati yenu.

Furaha ameshafanya mtihani, alitoka anaimba. Karthik amepeleka insha ya sofa, na vyuo bado havijajibu. Kila nikikutana na Maman Karthik kwenye ngazi ananyoosha kiganja: "Shida yangu?" Juzi mashine yetu ya kufulia ilipomwaga maji sakafu nzima, nilipanda mbio kumpelekea. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema hayo ni maji tu. Karthik alikuwa nyuma yake. Tulitazamana, tukafikiria glovu zilezile za Papa Sylvestre, wala hatukuzitaja. Kwa hiyo deni liko palepale, na nina hakika sitalilipa.