Maswali Arubaini na Moja

Wardah binti Idarus alizaliwa Timbwani, mtaa wa Likoni, Mombasa, nyumba ya nne kutoka msikitini, na hajawahi kusafiri mbali zaidi ya Tanga. Marekani hajaiona. Hata hivyo maisha yake yamepindwa mara tatu na maamuzi yaliyofanywa huko, naye huzisimulia mara hizo tatu kwa sauti ile ile anayofundishia ngeli za Kiswahili, hapandishi wala hashushi.

Mara ya kwanza alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa akisomesha katika shule ndogo ya mayatima iliyojengwa Likoni na shirika la misaada kutoka nchi za Kiarabu. Watoto sabini walikuwa wakila na kulala hapo. Minara ya New York ilikuwa imeangushwa miaka mitatu nyuma, na Marekani ilikuwa ikiziambia serikali za dunia zichague upande. Asubuhi moja wakaja maafisa wakasema kwamba shirika linachunguzwa na shughuli zake zimesimamishwa. Uchunguzi ulikuta nini, hakuna aliyeambiwa. Watoto waligawiwa kwa jamaa waliokubali kuwachukua, na jengo likageuzwa ghala la saruji. Wardah alimuuliza babake, aliyekuwa fundi wa kushona kanzu, mayatima wale walikuwa wamekosa nini. Mzee Idarus aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akamaliza mshono wa kola, ndipo akamwambia kuwa wao hawakukosa kitu. Lililokosa ni jina la aliyekuwa akiwalisha.

Baada ya hapo Wardah alisomesha watoto wa watu majumbani, akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kwa babake. Katikati ya miaka hiyo Likoni ilipitiwa na misako mingi ya polisi. Vijana kadhaa walivuka mpaka wakaenda kupigana Somalia, na mmoja wao Wardah alikuwa amemsomesha mwenyewe, kwa hivyo hakuwahi kusema kwamba jambo hilo ni la kuzuliwa. Wengine walichukuliwa mchana wasirudi, na mama zao hawakupata hata kaburi la kulizuru.

Mara ya pili ilikuja mwaka 2022. Mradi mmoja uitwao Jirani Salama, uliokuwa ukilipiwa na Wamarekani, ulifungua ofisi juu ya duka la dawa. Kazi yake, kama ilivyoelezwa, ilikuwa kuwatambua vijana walio karibu kupotea na kuwasaidia mapema. Walitaka mtu anayewajua wenyeji na anayeandika Kiswahili safi, na kila waliyemuuliza aliwatajia Wardah. Akaajiriwa pamoja na Tsuma, Mgiriama wa Kaloleni aliyehamia Likoni zamani, mtunza kumbukumbu na mwimbaji wa kwaya, mtu mwenye subira asiyepaza sauti.

Kazi ya kwanza ya Wardah ilikuwa kufasiri maswali arubaini yaliyoletwa kwa Kiingereza. Kila swali lilikuwa na alama zake, na mtu akipita alama ishirini na tano aliandikwa kuwa ni wa kuangaliwa. Je, huswali msikitini zaidi ya mara tatu kwa siku? Je, amefuga ndevu au kubadilisha mavazi katika miaka miwili iliyopita? Je, ana jamaa Somalia, Yemen au nchi za Ghuba? Je, hukasirishwa na siasa za Marekani katika nchi za nje? Hili la mwisho lilimkalisha asubuhi nzima. Alijaribu "huchukizwa", akajaribu "hupinga", akarudi kwenye "hukasirishwa". Mwishowe aliona kuwa tabu haikuwa katika neno. Hakuwa akimjua mtu Timbwani, mwenye kutazama habari za Iraki na baadaye za Gaza, ambaye angejibu la.

Mwaka wa pili alimhoji Hussam, mwana wa jirani yake Bi Johari. Hussam alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye banda karibu na stendi, na mke na watoto wawili. Alijibu maswali yote bila kuficha, kwa kuwa aliyekuwa akiuliza ni mwalimu wake wa zamani. Alipata alama thelathini na moja.

Wardah aliitazama ile hesabu, kisha akachukua fomu tupu akajijazia mwenyewe. Yeye hufunga Jumatatu na Alhamisi, ana dada Maskati, na kuhusu Marekani alijibu ukweli. Akapata thelathini na nne. Akamwita Tsuma, akamuuliza maswali yale yale kama yalivyoandikwa, naye akapata sita. Wakarudia, ila safari hii kila palipoandikwa msikiti Wardah alisoma kanisa, na palipoandikwa Qurani akasoma Biblia. Tsuma hukesha kanisani kila Ijumaa, hufunga siku tatu kabla ya Pasaka, na bado ana uchungu na shamba la babu yake lililopewa hati kwa jina la mtu asiyewahi kulilima. Akapata ishirini na tisa. Akasema hakuwa akijua kuwa yeye ni mtu wa hatari namna hiyo.

Mwezi uliofuata alikuja mgeni kutoka makao makuu, mama wa makamo, mpole, aliyesikiliza kila mtu na kuandika katika kijitabu. Wardah alimwekea fomu nne mezani na kumweleza alichokifanya. Mgeni alizisoma zote. Alisema maswali yale yalikuwa yamejaribiwa katika nchi sita, na kwamba hakuna aliyekusudia kumtia Wardah katika watu wa kuangaliwa.

"Wewe tunakujua," akamwambia.

"Na Hussam mimi namjua," Wardah akajibu.

Mgeni aliahidi kulipeleka suala lile mbele, na bila shaka alilipeleka, maana baada ya miezi minne kulikuja fomu mpya. Maswali yote arubaini yalikuwamo, na chini yake limeongezwa moja: Je, anaamini kuwa Waislamu wanaonewa na mataifa makubwa? Jibu la ndiyo lilikuwa na alama mbili.

Watu humuuliza Wardah kwa nini hakuacha kazi siku hiyo. Yeye husema mradi ule ule ulikuwa ukiwapeleka vijana thelathini kwa mwaka kusomea ufundi wa umeme na mabomba, na kwamba babake alikuwa ameanza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Husema yote mawili, wala hataji moja kulificha jingine.

Mara ya tatu ilikuwa Januari 2025. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na Jirani Salama ukapokea ujumbe wa mistari mitano: kazi zote zisimame leo, asiguse mtu chochote. Vijana waliokuwa katikati ya mafunzo walirudishwa nyumbani kabla ya mtihani. Katika redio kiongozi mmoja wa huko alisikika akisema kwamba fedha zao zilikuwa zikimwagwa kwa watu wasiowapenda. Wardah alikuwa jikoni akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akaendelea kuchambua.

Kilichomsumbua hakikuwa maneno hayo. Ofisini mlikuwa na kabati la chuma lenye fomu mia mbili na kumi na mbili. Makao makuu walikuwa wakipelekewa hesabu tu, bila majina, lakini kwenye fomu kila kitu kilikuwamo: jina, mtaa, msikiti, jamaa walio ng'ambo, alama. Mwenye nyumba alitaka vyumba vyake, na hakuna aliyejua vitu vya humo vingeangukia mikono ya nani. Funguo za kabati alikuwa nazo Wardah.

Alipomwambia Tsuma kuwa anataka kuzirudisha kwa wenyewe, Tsuma hakukubali mwanzoni. Alisema wameambiwa wasiguse, na kwamba mradi ukifunguliwa tena wao hawataitwa. Wardah alimjibu kuwa hilo alikuwa ameshalifikiria. Akazitoa fomu, akazipanga kwa mitaa, na kesho yake akaanza kuzirudisha, mlango kwa mlango. Siku ya tatu Tsuma alimkuta njiani, akapokea nusu ya mzigo.

Haikuwa kazi ya kupendeza. Wengi hawakuwa wakijua kwamba majibu yao yalihesabiwa alama. Walidhani ni maswali ya kugawia nafasi za mafunzo, na Wardah hakuwa amewaambia vingine. Mmoja aliichana fomu mbele yake. Mwingine alicheka, akaomba aambiwe nani wa kwanza mtaani. Hussam alisimama bandani, miwani ya kazi imepandishwa kipajini, akaisoma yote mpaka swali la mwisho.

"Hapa umeandika kuwa Marekani hunikasirisha mara kwa mara," akasema. "Mimi nilikwambia kila siku."

Aliikunja akaitia mfukoni, akarudi kwenye geti alilokuwa akiliunga. Mamake hakulichukua jambo hilo kwa wepesi huo. Bi Johari alikuja nyumbani kwa Wardah jioni ile ile, akakataa kukaa.

"Siku wangemchukua mwanangu, mimi ningekuja kulia kwako," akamwambia. "Na wewe ndiwe uliyekuwa ukimwandika."

Wardah hakujitetea. Alisema ni kweli.

Fomu tisa hazikupata wenyewe, kwa kuwa walikuwa wamehama, na hizo Tsuma alizichoma nyuma ya nyumba yake. Mwezi wa Aprili ilikuja barua kutoka makao makuu kuuliza kumbukumbu za mahojiano ziko wapi. Wardah aliijibu kwa sentensi moja, kwamba ziko kwa waliohojiwa. Hakujibiwa, wala hakuitwa tena kazini. Tsuma alipata kazi ya kuandika mizigo katika ghala moja Changamwe.

Mzee Idarus alifariki mwezi wa Agosti. Siku hizi Wardah huwasomesha kina mama kusoma na kuandika, asubuhi, katika chumba cha madrasa kabla watoto hawajarudi kutoka shuleni. Wanafunzi wake ni kumi na mmoja, na mkubwa wao ana miaka sitini na nane. Akipita kwa Bi Johari humsalimu, naye Bi Johari huitikia kama ipasavyo, lakini hamkaribishi ndani. Wardah hajamlaumu kwa hilo. Husema kwamba katika wote waliowahi kumhukumu, ni huyu peke yake aliyemhukumu kwa alichokifanya, si kwa jina.