Nilivyotaja fosfaidi ukweni Mpapura nikakaribia kukosa mke

Wakuu, habari za mihangaiko. Hiki kisa ni changu mwenyewe, siyo chai.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa nasoma masters ya kemia. Likizo nikarudi kwetu Mtawanya, nikaenda Mpapura kumposa Zuhura. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo.

Kwao mwenye kauli ni mjomba, Mzee Issa, mkulima wa korosho mwenye mashine ya kusaga. Huyo mzee hachekicheki.

Akaniuliza, "Mwanangu, huko chuo unasomea nini hasa?"

Mwenye akili zake angesema ualimu. Mimi sifa zikaniponza.

"Natengeneza kichocheo, mjomba. Nikeli fosfaidi juu ya oksaidi mchanganyiko. Kinasaidia kutoa naitrojeni kwenye dizeli."

Mzee akashusha kikombe cha chai.

"Fosfaidi? Si vile vidonge vya ghalani? Viliniulia kuku wote!"

Akasukuma kikombe pembeni. Baba mdogo akaacha kutafuna, andazi liko shavuni.

Kwa wasiojua: vile vidonge ni fosfaidi ya alumini, vikipata unyevu vinatoa gesi ya sumu. Yangu ya nikeli haina tabia hiyo. Sasa nenda kamweleze mtu aliyezika kuku!

Mzee hakuishia hapo. "Na hiyo naitrojeni si ndiyo mbolea? Sisi tunaitafuta, wewe unaitoa?"

Nikaona mke anaondoka hivi hivi.

Zuhura akashindwa kuvumilia, akaongea nyuma ya pazia: "Mjomba, anasafisha dizeli, moshi wake usichafue hewa."

Mzee akasimama. "Moshi? Njoo huku."

Nikapelekwa kwenye mashine yake, inatema moshi mweusi tii. Nimevaa kanzu nyeupe ya kuazima, na spana sijawahi kushika maishani!

Nikaomba izimwe, nikafungua chujio la hewa, maana ndicho kifaa pekee nilichokijua jina. Limejaa unga wa muhogo. Nikalikung'uta, nikalirudisha, mzee akawasha.

Moshi ukapungua kweli.

"Kumbe hiyo fosfaidi yako inafanya kazi!"

Nikafungua mdomo nimweleze ukweli. Baba mdogo akanikanyaga mguu.

Posa ikakubaliwa palepale. Hadi leo mashine ikianza kutoa moshi napigiwa simu mimi, fundi yupo jirani tu.

Nilichojifunza wakuu: ukweni jieleze kwa lugha ya wenyeji wako, usomi uache getini.

Haya, mliowahi kuposa mkaulizwa kazi, mlijibu nini? Tiririkeni.