Mita Isiyorudi Sifuri

Muuza duka alinionyesha mita tatu za kupimia safari ya baiskeli, na mimi sikumwamini kwa hata moja. Wakati ule sisi watu wa Bariadi bado tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, na bidhaa zilikuwa zimemwagika madukani mpaka mtu unachanganyikiwa. Miaka michache tu nyuma tulikuwa tunapanga foleni kwa ajili ya sabuni. Sasa kila kibanda kilikuwa na redio, tochi na saa za kung'aa, na nusu ya vitu hivyo vilikufa kabla hujafika navyo nyumbani. Nilikuwa nimeshauziwa mbuzi kwenye gunia mara mbili, kwanza pasi halafu tochi, nikaapa kwamba sitaingizwa mjini tena.

Ya kwanza aliishika kwa ncha za vidole kama anashika yai. "Hii ni kompyuta, mama," akaniambia. Kompyuta! Mimi kompyuta nilikuwa nasikia tu kwamba ziko benki. Hii ilikuwa ndogo kama kiberiti, ina kioo, unafunga sumaku kwenye spoki na waya unapanda mpaka kwenye usukani. Nikamuuliza betri yake ikiisha mtu yuko Bukundi, huko mbali kwa wafugaji, ataipata wapi. Akasema haiishi. Nikamtazama tu. Halafu nikaona kibonye kidogo pembeni, nikauliza kazi yake. Akakibonyeza kwa raha zake, namba zote zikawa sifuri. Akanieleza kwamba ukimaliza safari unafuta, unaanza upya. Niliirudisha mezani palepale.

Ya pili ilikuwa na mshale unaoonyesha mwendo, na waya mnene uliozunguka kama utumbo. Nikamwambia udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, utaukata huo waya kabla ya mvua ya pili. Tena mshale wenyewe hauna kumbukumbu. Baiskeli ikisimama nao unalala, hauwezi kusema jana ulikuwa wapi.

Ya tatu ilikuwa chini kwenye boksi, ina vumbi, na ndiyo ilikuwa ya bei ya chini. Ya chuma tupu. Inafungwa kwenye uma wa mbele, na kipini kilichoko kwenye spoki kinaigonga kila gurudumu linapozunguka, tiki, tiki, tiki, na namba zinapanda. Nikaomba msumari, nikajaribu kukisukuma kigurudumu chake kirudi nyuma. Kikagoma. Muuza duka akaona haya, akasema hiyo ni ya kizamani, mama, ikishapanda haishuki na haifutiki. Nikamwambia anifungie hiyohiyo.

Mume wangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, chama kikadhoofika, na yeye akarudishwa nyumbani na asante. Hakukaa kulia. Akafunga marobota ya mitumba kwenye keria ya baiskeli, akaanza kuyapeleka Bukundi, huko Meatu, ukishapita Mwanhuzi, kwa wafugaji. Ni mbali, unalala njiani. Mwanzoni nilimsifu kwa majirani. Halafu safari zikaanza kuongezeka siku, na siku moja akarudi na shati limefuliwa. Nikalinusa. Sabuni ile haikuwa ya kwangu.

Mtu ataniambia shati tu. Wee! Baba yangu naye alianza hivyohivyo, safari za ng'ombe upande wa Meatu, anarudi msafi. Mama alikuja kujua kuna mji wa pili siku alipohesabu zizi akakuta ng'ombe wamepungua, wamekwenda kulipa mahari ya mwanamke asiyemfahamu. Tulikula mlenda mtupu mwaka mzima. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeshaamua. Nikipata hakika kwamba kuna nyumba nyingine huko, nabeba wanangu narudi kwetu, na ndoa imeishia hapo. Lakini nilitaka hakika, sikutaka maneno ya kisimani.

Nikampa ile mita kama zawadi. Alifurahi huyo! Akaifunga mwenyewe, akaisugua kwa kanga yangu, akawa anazunguka nayo mtaani watu waisikie inavyolia. Nilimwonea huruma kidogo, lakini sikubadili nia.

Kabla hajaondoka niliichukua baiskeli, nikaenda nayo mpaka kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na kurudi. Namba za kwenda na za kurudi zikalingana. Basi, chombo hakidanganyi. Nikamuuliza dereva wa lori umbali wa Bukundi kwa mita ya gari lake, halafu nikamuuliza dereva mwingine, kwa sababu yule wa kwanza alijibu haraka mno. Wakakubaliana.

Safari za kwanza hazikuwa na neno. Kila akirudi, yeye akienda kuoga, mimi nachungulia kwenye uma. Mara moja namba zilizidi nikapandwa na mori, nikamuuliza kwa ukali njia gani hiyo. Akasema mto ulijaa, ilibidi azunguke. Nikaenda stendi kuuliza abiria waliotoka upande huo. Kweli, mto ulikuwa umejaa.

Kilichonishtua kilikuja baadaye, mvua zilipokolea. Malori yalikuwa yanalala njiani, watu wanasimulia jinsi walivyozungushwa huku na huku kutafuta pa kuvukia. Na mume wangu anarudi na namba zilezile. Safari hii sawa, safari ijayo sawa, kama zimepimwa kwa rula. Nikapitisha kidole chini ya madigadi. Tope lilikuwepo, ila lilikuwa la kichanga, la huku kwetu. Lile jeusi la mbugani, ambalo likikauka linabidi likwanguliwe kwa kisu, halikuwepo hata chembe. Machale yakanicheza. Hapa kuna namna, nikasema. Huyu mtu hafiki Bukundi, lakini mita inasema kafika.

Safari iliyofuata nilimwacha atangulie, kesho yake nikaazima baiskeli ya jirani nikamfuata. Nilikuwa nauliza njiani kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, na nilikuwa na maneno ya kumwambia huyo mwanamke, nimeyapanga vizuri. Sikuhitaji kwenda mbali. Nilipofika Nkololo, kabla sijaona chochote, nikasikia tiki tiki tiki tiki, haraka kuliko mtu anavyoweza kuendesha. Sauti ile nilikuwa naijua hata usingizini.

Ilikuwa inatoka nyuma ya nyumba ya fundi baiskeli. Nikaacha ya jirani ukutani, nikazunguka kimyakimya. Baiskeli yetu ilikuwa imepinduliwa, magurudumu juu. Mume wangu amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, mkono mmoja umeshika kifua na mwingine unazungusha gurudumu la mbele. Anazungusha, anapumzika, anainama kusoma, anazungusha tena.

Nilimsogelea kwa nyuma. Nikasema tu, "Umefika wapi?"

Hakugeuka. Alidhani ni mwenye nyumba. "Mwanhuzi bado kidogo," akajibu.

Halafu akaitambua sauti. Mkono ukasimama, gurudumu likaendelea kulia peke yake mpaka likachoka.

Nilichungulia mlangoni, nisiseme uongo, nilichungulia kumtafuta huyo mwanamke. Akatoka mke wa fundi na bakuli la uji, bibi wa rika la mama yangu, kanga yake inanukia ile sabuni. "Karibu mayu, karibu mama," akaniambia, na akaenda kuniletea kigoda kama vile alikuwa ananisubiri siku zote.

Bibi ndiye aliyenieleza, maana mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Tangu safari za mwanzo alikuwa analala kwao kupumzisha kifua, na bibi ndiye aliyemfulia lile shati. Lakini tangu mvua zilipokolea, akifika hapo Nkololo na ule mzigo anakuwa hana pumzi, midomo imebadilika rangi, analala siku nzima. Mitumba anamwachia mtu wa Meatu aliyekuwa anapita hapo na baiskeli yake, naye anaondoka na faida kubwa. Kisha mume wangu anakaa siku zile zilizobaki, anapata nafuu, na anapopata nafuu anasafiri kwenda Bukundi kwa mkono, kwenda na kurudi. Fundi alimwambia ang'oe tu ile mita aseme imevunjika. Akakataa, akasema hiyo ni zawadi ya mke wake.

Hasira zilinipanda upya, sijui za nini, labda za kwamba niliwaza mambo yote isipokuwa hilo. Dukani niliwaza mtu anayetaka kupunguza. Sikuwaza kabisa mtu anayetaka kuongeza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Ndipo akaniangalia. "Ningekwambia kifua," akasema, "ungesema ni mwanamke."

Na kweli ningesema. Ningemtazama kama nilivyomtazama yule muuza duka, nikamwambia kifua gani hicho kinachoanza barabara ya Meatu tu. Nililia pale kwenye kigoda cha watu, na bibi akanishikisha ule uji niunywe mimi.

Tulimrudisha Bariadi kwa lori. Daktari akasema ni moyo, akampiga marufuku mizigo na safari ndefu. Dawa zikawa za kila siku, watoto wanasoma, na kibarua cha ushirika hakirudi. Mitumba ilikuwa imekaa uvunguni. Nikaifunga mwenyewe kwenye keria. Alinikataza siku mbili, ya tatu akanionyesha namna ya kufunga kamba ili mzigo usivute upande.

Sitasema uongo, safari ile ilinitoa roho. Mbugani tope lilijaza madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, nikawa nasukuma, nakwangua, nasukuma. Mtoni nilikuta watu wamekaa ng'ambo zote mbili wanatazamana, maji hayapitiki. Nikazunguka kwa juu pamoja na wafugaji wawili waliokuwa wanapeleka ndama, wakanisaidia kuvusha mzigo. Bukundi niliuza. Nikalala kwa mama mmoja Mlokole aliyeniombea dua ndefu kuliko usingizi wenyewe.

Nilirudi nimechoka sijitambui. Mume wangu alikuwa amekaa nje kwenye kiti, blanketi magotini. Nilitegemea pole ya safari. Yeye akasimama polepole, akaja kwenye baiskeli, akainama kwenye uma kabla hajanitazama usoni. Akasoma, midomo inahesabu. Njia ile alikuwa nayo kichwani.

"Mbona zimezidi?" akauliza.

"Mto umejaa. Nimezunguka."

Akanikazia macho. Nilikuwa nayajua macho yale, ni yangu mimi. Akapitisha kidole chini ya madigadi, akakwangua tope kwa ukucha, akalitazama kwenye mwanga. Lilikuwa jeusi. Ndipo akaniuliza kama nimekula.