Tumeliona

Harufu ya bisi zilizoungua kidogo hunirudisha kwenye sebule yetu ya Don Mills, mtaa tuliohamia ughaibuni, Jumapili moja ya baridi kali, nikiwa na miaka tisa. Mama alikuwa amemkaangia mgeni: Mzee Leroy, jirani yetu, Mmarekani mweusi aliyeandika tamthilia maisha yake yote, nyingi zikachezwa kwenye kumbi za makanisa mbele ya viti vitupu.

Siku hiyo televisheni ingeonyesha filamu aliyoiandika ujanani, ambayo studio iliipachika jina la mtu mwingine. Alikuwa amesikia kwamba nakala mpya zimerekebishwa. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo alituomba jambo moja tu: majina yakianza kupita mwishoni, tumtafutie lake.

Muda wote midomo yake ilicheza pamoja na ya waigizaji. Mama, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu za kazini, alimtazama yeye kuliko filamu.

Majina yakapanda. Nilikodoa macho hadi yakatoka machozi. Mwandishi alikuwa yule yule mwingine.

Mzee akauliza kama tumeliona. Nikamnong'oneza Mama, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kwamba halimo, huku nikitikisa kichwa ili anielewe.

"Mwambie tumeliona," alisema.

"Lakini Mama..."

"Wewe tafsiri tu, mwanangu. Tumeliona."

Nikatafsiri kwamba tumeliona jina lake. Mzee Leroy akaguna taratibu, kisha akala bisi zote, hata zile nyeusi. Alifariki kabla theluji haijayeyuka.

Kwa miaka mingi uongo ule ulinikosesha raha. Mama huyu huyu aliwahi kunirudisha shuleni kwa sababu ya penseli isiyo yangu. Nilipomaliza chuo nikamuuliza. Alikuwa akichambua mchicha, wala hakuinua kichwa.

"Kwani nilitaja jina? Nilisema tumeliona. Pengo lake tuliliona, au hukuliona wewe? Yule mzee alitaka mtu alione."

Kiingereza changu cha utotoni hakikuweza kubeba yote mawili, jina na pengo, katika neno moja. Mimi nilifikisha jina peke yake. Hata hivyo, nikiwaza sana, na mimi huwaza sana, naona huenda alituelewa. Mtu aliyelisubiri jina lake miaka yote ile angetaka kujua limeandikwa wapi, juu ya nani, chini ya nani. Yeye hakuuliza.