Mliniambia "enda na 650", na Karembo wa Mama Njoki akaenda buchani

Wakuu, habari za mchana. Nimekaa na hii hasira wiki tatu na leo naitoa. Sijaongeza chumvi popote, na anayetaka kubisha aje Jamhuri Park nimwonyeshe goti langu lilivyo.

Wengine mnakumbuka uzi wangu wa kuuliza ni adventure bike gani inafaa lami na murram. Mlipigana humu kurasa kwa kurasa. Cc za injini, ground clearance, tairi za matope, mpaka rangi. Kuna mmoja aliandika "enda na 650, hizo 250 ni za kupeleka mkate". Huyo nitamrudia.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nabeba nini.

Na mimi sikusema. Huo ndio ujinga wangu, na naukubali hapa mbele yenu.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe. Mtu akiona ng'ombe wake amepata joto asubuhi, ananipigia simu, na kufikia jioni niwe nimefika na mbegu ya fahali. Mbegu hukaa kwenye mirija midogo ndani ya mtungi wa nitrojeni, baridi ambayo ikikugusa inababua ngozi. Kifuniko cha mtungi hakikazwi, lazima upumue. Kwa hivyo unasimama wima saa zote. Ukilala nitrojeni inamwagika, na ikiisha mbegu imekufa.

Mbona sikusema? Aibu, wakuu.

Jumapili huwa nakutana na kikundi cha waendesha pikipiki karibu na Jamhuri Park. Ni mawakili na watu wa benki, na kiongozi wao tunamwita Captain. Siku ya kwanza kila mtu alitaja kazi yake. Zamu yangu ilipofika nikasema niko kwenye "livestock genetics", yaani sayansi ya uzazi wa mifugo. Wakaitikia kwa vichwa kwa heshima, nami nikaipenda hiyo heshima.

Captain ndiye aliyenipeleka Parklands kwa Mzee Gurdev, anayeuza pikipiki zilizotumika. Alikuwa na mbili za kunifaa. Moja ni 650, ndefu, inang'aa. Ya pili ni 250, fupi, carrier yake ya mizigo nyuma ni pana na imenyooka.

Nikapanda 650. Vidole vya miguu ndivyo vilivyogusa sakafu, visigino hapana.

"Hii iko juu kwako, bwana," Mzee Gurdev akasema. "Kwani nyuma utabeba nini?"

Captain alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kifuani.

"Ni bag tu ya camping," nikasema.

"Mzee, huyu ni msee wa adventure," Captain akadakia. "Hiyo 250 ni ya kupeleka mkate. Height atazoea, sisi wote tulizoea."

Mzee akanitazama kidogo. "Sawa. Wewe ndio utaiinua ikianguka."

Nilidhani ananitukana. Nikalipa kwa hasira.

Kwenye lami sina neno. Ngong Road nilikuwa najiona mfalme.

Sasa Mama Njoki. Ni mjane, anakaa upande wa Dagoretti, na alikuwa na ng'ombe mmoja, Karembo. Fahali wa jirani alishampanda mara mbili na hakushika mimba. Mwenye bucha alikuwa ameshakuja kumwangalia. Asubuhi hiyo Mama Njoki akanipigia.

"Daktari, Karembo iko na joto. Ikikataa hii mara, Jumamosi inachukuliwa. Tafadhali kuja mapema."

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa kuelekea mtoni nikakutana na mkokoteni wa punda katikati ya njia. Nikafunga breki, nikashusha mguu wa kushoto, na mguu haukukuta kitu. Tukalala sote upande huo, goti langu chini yake.

Mtungi nilikuwa nimeufunga kwa mipira ya tyubu, na fundo lilikuwa kushoto, sasa liko chini ya pikipiki ndani ya matope. Nikaona moshi mweupe unatambaa juu ya udongo mwekundu. Ilikuwa ni nitrojeni yangu inaondoka.

Nikavuta usukani. Nikavuta kiti. Nikavuta huku natukana mpaka punda akarudi nyuma. Ile mashine haikusogea. Mwenye punda alikimbia kutafuta mtu wa tatu, na tulipoiinua moshi ulikuwa umekwisha zamani.

Nilifika kwa Mama Njoki saa kumi na moja kasoro. Nikafungua mtungi. Mkavu. Mahali ninapojazia na kuchukua mbegu panafungwa saa kumi na moja, na ni mbali, na joto la ng'ombe halingoji kesho.

Kuna watu wa kazi yangu ambao wangetumia mbegu iliyokufa na kunyamaza. Sikuweza. Mama alikuwa amesimama ameshika kamba ya Karembo, amemwosha. Nikamwambia ukweli.

Hakupiga kelele. Aliitazama pikipiki juu mpaka chini.

"Na hii kitu kubwa hivi, daktari, ulinunua ya kubeba nini?"

Nikaufunga tena mtungi mtupu nyuma, nikaondoka.

Jumamosi Karembo akachukuliwa. Jioni hiyo Captain akanipigia, amesikia nimeanguka. Mnajua aliuliza nini?

"Pole, boss. Lakini bike iko sawa?"

Bike iko sawa, Captain! Haina mkwaruzo wa maana. Na ni wewe uliyeandika hapa mambo ya mkate, kwa hivyo usijifiche nyuma ya hilo jina la bandia.

Niliirudisha kwa Mzee Gurdev, nikachukua 250. Hakunicheka. Aliniambia nilete mtungi, akauchomelea fremu ya chuma juu ya carrier, kisha akanifanya niilaze pikipiki chini niiinue peke yangu. Iliinuka.

Kwa hivyo wewe unayetafuta ushauri wa pikipiki, andika kwanza unabeba nini na miguu yako inafika wapi. Na ninyi wajuaji, ulizeni kabla ya kutupa cc hewani.

Uwanja ni wenu, nipondeni mnavyotaka, ila kila mtu ataje kazi yake kwanza. Captain, Jumapili nakuja Jamhuri na 250 yangu, mtungi nyuma.

Mimi nimeshataja yangu. Napandisha ng'ombe.