Skrini ya Kushoto

Kaka yangu alikuwa mpima ardhi, na programu yake ya ramani ilikuwa ya zamani mno kwa kompyuta mpya. Basi akaweka mashine pepe, yaani kompyuta ya kizamani inayoishi ndani ya ile mpya, akaitandaza kwenye skrini mbili: ramani kulia, maandishi kushoto. Hakuwa akiizima. Aliisitisha tu, na akiifungua tena anakuta kila kitu palepale alipokiacha. Nilimtania kwamba hata chai yake angeisitisha kama ingewezekana.

Alikuwa akiugua moyo. Siku moja aliisitisha mashine yake, akaenda hospitali, hakurudi.

Nilitumwa chumbani kwake, pale nyumbani karibu na Rubya, nitafute picha ya kuweka juu ya jeneza. Umeme ulikuwa umekatika na betri ya sola ilikuwa dhaifu, hivyo nikawasha skrini moja tu, ya kulia. Nilijiona mjanja. Picha nikaipata, nikaisitisha mashine kama alivyofanya yeye, nikatoka. Kesho yake tukamzika kibanjani, shambani mwetu kati ya migomba, kando ya baba. Kwetu mtu aliyezikwa ugenini huhesabiwa kama aliyepotea.

Baada ya matanga mama alinipa kompyuta ile. Nikaipeleka kwangu Bukoba, na Jumamosi mchana nikaunganisha skrini zote mbili. Mashine ikaamka. Kulia, ramani. Kushoto, barua ambayo haikuwa imehifadhiwa, alama ya kuandikia ikiwakawaka mwishoni:

"Mama, nisamehe. Msinizike kibanjani. Nipelekeni kisiwani Bumbire, nilale kando ya binti yangu. Nilimwahidi kwamba hatabaki"

Iliishia hapo. Hatukuwahi kusikia kwamba alikuwa na binti, hai wala marehemu. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunyamaza miaka yote, nikajikasirikia mimi zaidi. Barua ilikuwa wazi siku ile, shibiri moja kutoka mkononi mwangu, na jeneza lilikuwa bado sebuleni.

Sijaihifadhi wala sijaifuta. Naifungua, naisoma, naisitisha. Naona aibu kusema, lakini siku hizi siwezi kukaa nikiipa mgongo skrini ile.

Mwezi uliopita nilikwenda kumweleza mama. Nilikuwa nimeinakili barua kwenye karatasi, ipo mfukoni. Nilimkuta akipalilia kaburi.

"Mwana wange, karibu," alisema. "Mimi namshukuru Mungu. Wenzangu watoto wao wamelala mbali, hata hawajui wapi. Wangu namsalimu kila asubuhi."

Nikapiga magoti upande wa pili, nikaanza kung'oa majani.

"Kwenye kompyuta yake hakuacha neno lolote?" akauliza.

"Hakuacha, mama," nikasema, na nikaendelea kung'oa majani juu ya mtu aliyeomba asilazwe pale.